Baba, Unasoma Kama Redio

(Mazungumzo haya yalisomwa redioni Jumapili iliyopita.)

Ndugu msikilizaji, kazi yangu ni kusoma. Nina stashahada ya uandishi wa habari, na kwa miaka isiyopungua ishirini nimelipwa mshahara wa kukaa mbele ya kipaza sauti na kusoma yaliyoandikwa, bila kukwama, bila kukohoa, na bila kumruhusu mtu yeyote anikatize. Kwa hiyo utanielewa nikikuambia kuwa niliumia kidogo pale binti yangu mwenye umri wa miaka minne aliponiambia usiku mmoja, shuka amelivuta hadi kidevuni, "Baba, wewe unasoma kama redio."

Mwanzoni nilidhani ananisifu. Nikamuuliza kama redio inasoma vizuri.

"Inasoma," akasema. "Lakini ukiisemesha haikujibu."

Leo basi sitazungumzia bei ya mafuta wala foleni za barabarani, mambo ambayo najua yamekuchosha kama yalivyonichosha mimi. Nataka tuzungumze juu ya dakika kumi na tano za usiku, watoto wakiwa wamekwisha kula na kunawa miguu, kabla taa haijazimwa. Nataka tuzungumze juu ya kitabu cha picha, na jinsi ya kumsomea mtoto mdogo kitabu hicho. Wapo watakaosema kuwa hayo ni mambo ya Wazungu. Hao nitawafikia.

Nyumbani kwangu ni Tabata. Asubuhi natoka mtoto akiwa bado amelala, na jioni, kama daladala limenihurumia, nafika saa mbili na nusu. Kwa muda mrefu mtoto huyu alinijua kwa sauti kuliko kwa sura. Mama yake anasema kipindi changu kilipokuwa kinaanza alikuwa akiisogelea redio na kusema, "Shikamoo baba." Alikuwa akingoja kidogo, kisha akarudi kwenye michezo yake. Jambo hili nililisimulia sana kazini kama kichekesho. Sasa silisimulii tena kwa namna hiyo.

Mwaka jana niliamua kujirekebisha. Nikanunua vitabu vinne: viwili vya Kiswahili kutoka duka la vitabu, na viwili vya Kiingereza, vya mitumba, kutoka kwa vijana wanaotandaza vitabu chini kule katikati ya jiji. Kila usiku niliofika mapema nilikaa ukingoni mwa kitanda, nikasoma. Na nilisoma vizuri mno! Simba nilimpa sauti yake na sungura sauti yake. Kitabu cha kurasa ishirini na nne nilikimaliza kwa dakika tano. Mtoto akinyoosha kidole kwenye picha na kuanza, "Baba, huyu...", nilimwambia, "Subiri, tutafika huko." Akiuliza swali nilimwambia, "Ngoja kwanza tumalize." Tukimaliza nilizima taa. Juma la tatu akaacha kuuliza maswali, nami nikajipongeza kwamba mtoto amejifunza kusikiliza.

Aliyenifumbua macho ni mama yangu mzazi, ambaye macho yake mwenyewe yalikuwa yamefumbwa. Alikuja kutoka Pangani kuonana na daktari, maana alikuwa amepata mtoto wa jicho kwenye macho yote mawili. Mama hakwenda shule. Alipita katika kisomo cha watu wazima miaka ya sabini, akajua kuandika jina lake na kusoma majina ya mabasi, basi. Sikuwahi hata siku moja kumfikiria kama mtu wa kumsomea mtoto kitabu.

Usiku mmoja nilichelewa kazini. Nilipoingia nikasikia sauti chumbani kwa watoto, nikachungulia. Bibi na mjukuu wamelala chali ndani ya chandarua. Umeme ulikuwa umekatika, kwa hiyo mtoto ameshika tochi ya simu, na kitabu kimesimamishwa juu ya kifua cha bibi.

"Paukwa," akasema mama.

"Pakawa!" akajibu mtoto.

"Haya mke mwenzangu, nisomee. Mimi macho yangu ukungu mtupu. Hapa pana nini?"

"Pana sungura."

"Sungura! Yuko peke yake?"

"Peke yake. Ana mfuko."

"Mfuko wa nini, jamani? Anahama?"

Mtoto akafikiri. "Hahami. Anakwenda kwa bibi yake. Amebeba unga."

"Wa mhogo au wa mahindi?"

"Wa mhogo. Bibi yake hana meno."

Mama akacheka mpaka kitabu kikaanguka. Mimi pale mlangoni nilikuwa na neno ulimini: siyo hivyo. Kwa kuwa kitabu kile nilikuwa nakijua. Sungura yule hana mfuko wowote, wala hakuna bibi, wala hakuna unga. Ametoka kutafuta maji, akapotea njia. Lakini nilinyamaza, na nilikaa pale mlangoni karibu nusu saa. Hawakuvuka ukurasa wa sita. Sijawahi kumsikia mtoto wangu akisema maneno mengi kiasi kile kwa mkupuo mmoja, na sentensi nyingine zilikuwa ndefu kuliko zile tunazoruhusiwa kuandika katika taarifa ya habari.

Kesho yake nilimwambia mama, kwa adabu, kwamba hadithi iliyomo kitabuni siyo ile. Akanijibu, "Mwanangu, mimi sikuwa nasoma. Nilikuwa nauliza, maana sioni."

Jibu hilo nililibeba kwenye daladala siku nzima. Mama alikuwa anauliza jambo asilolijua. Sisi wazazi tuliosoma tukimfungulia mtoto kitabu tunauliza tunayoyajua. "Huyu nani? Ana miguu mingapi? Hii rangi gani? Sema kwa Kiingereza!" Mtoto si mjinga. Anajua fika kwamba baba anamwona tembo vilevile kama anavyomwona yeye, na kwamba swali hilo ni mtihani. Kwenye mtihani mtu hujibu neno moja, akatazama usoni kama amepata au amekosa. Bibi asiyeona alihitaji kuambiwa, na aliyehitaji kuambiwa akampata wa kumwambia.

Nikaanza kutafuta watu wanaolijua jambo hili wanasema nini. Mwaka 1988 mtaalamu mmoja wa saikolojia wa Marekani, Grover Whitehurst, na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya na familia chache katika jimbo la New York. Watoto walikuwa wa miaka miwili hivi hadi mitatu. Naomba uzingatie jambo moja: wazazi wote walikuwa wanawasomea watoto wao vitabu. Kundi moja liliachwa lisome kama lilivyozoea. Kundi la pili lilifundishwa kupunguza kusoma mfululizo, na badala yake kuuliza maswali yasiyojibika kwa "ndiyo" wala "hapana", kuliongezea kidogo jibu la mtoto, na kumpa nafasi azidi kusema kadiri anavyokua. Walirekodi kwenye kaseti ili kuona kama kweli wanafanya hivyo. Baada ya mwezi mmoja tu, watoto wa kundi la pili walikuwa wamewatangulia wenzao kwa miezi kadhaa katika vipimo vya kujieleza. Wote walisomewa. Tofauti ilikuwa nani anazungumza.

Sasa nije kwa wale wa mambo ya Wazungu. Kitabu cha picha kilichochapwa kwa ajili ya watoto, hicho kweli kilianzia kwao. Wengi hukitaja kile cha Comenius kilichotoka Nuremberg mwaka 1658, chenye picha na maneno ya Kilatini na Kijerumani. Lakini hayo mazungumzo je? Huku pwani mtoa hadithi hawezi hata kuanza mpaka aitikiwe. Akisema "Paukwa" na watu wakanyamaza, hana hadithi. Na akiendelea, watoto wanadakia, wanabisha, wanamkumbusha kwamba jana fisi alikufa, leo imekuwaje yu hai? Mimi nililelewa katika hadithi hizo. Kisha nikaenda shule, nikajifunza kwamba mwenye kitabu ndiye anayesema na asiye nacho anyamaze. Nadhani wengi wetu tumeleta darasa lile hadi kitandani kwa watoto wetu, tukaliita malezi ya kisasa.

Namna yenyewe si ngumu. Mtoto wa miaka miwili akikuonyesha na kusema "Mbwa," usiishie kusema "Enhe." Mwambie, "Ndiyo, mbwa mweusi, anakimbia." Kesho huenda naye akasema "Mbwa anakimbia," na hapo wewe unaongeza kwamba anamkimbiza kuku. Ni kama kumshika mtu mkono kupanda ngazi: unakuwa kipandio kimoja mbele, si vitano. Wa miaka minne muulize kwa nini, na sasa itakuwaje, na je, wewe ungefanya nini. Ukishauliza, ngoja. Hapo ndipo pagumu, hasa kwetu watangazaji, ambao sekunde tatu za kimya hewani zinatutoa jasho. Mtoto anahitaji zaidi ya sekunde tatu.

Na akitaka kitabu kilekile usiku wa kumi mfululizo, mpe. Mimi nilikuwa nachukia. Nilidhani nimemnunulia vitabu vinne asome vinne. Lakini usiku wa kwanza mtoto anajua majina ya vitu tu. Usiku wa tano anakwambia kitakachotokea ukurasa unaofuata. Usiku wa kumi anakusimulia yeye, nawe ndiye unayedakia.

Suala la lugha linawasumbua sana wazazi wa mjini. Vitabu vya mitumba karibu vyote ni vya Kiingereza, na mzazi anaona ni fursa, basi anamsomea mtoto maneno ambayo hata yeye mwenyewe anayatamka kwa mashaka. Kwa maoni yangu, sema na mtoto kwa lugha unayoitumia kumbembeleza. Picha haina lugha. Katika kimoja cha vitabu vyangu vile viwili kuna mtoto amelala chumbani peke yake, amekumbatia mdoli wa dubu, na nje ya dirisha theluji inaanguka. Nilikuwa naanza kutafsiri, binti yangu akaniuliza, "Mama yake amekwenda wapi?" Yeye hulala na dada yake, na wageni wakija huwa watatu. Mtoto kulala peke yake, mlango umefungwa, kwake hiyo ni habari ya msiba. Tulilijadili hilo usiku mzima, na maandishi hatukuyagusa. Theluji alisema ni unga umemwagika. Nikamwambia kitu kile kipo juu ya mlima Kilimanjaro. Akataka kujua nani aliupandisha huko.

Lakini hakuna haja ya kutegemea vya mitumba tu. Mradi wa Vitabu vya Watoto ulioanzishwa nchini mwaka 1991 umesaidia kutolewa kwa vitabu vingi vya Kiswahili vya umri huu. Wapo wachoraji wetu kama John Kilaka, aliyeukulia mtindo wa Tingatinga, ambaye wanyama wake huvaa nguo na kwenda sokoni kama sisi, na vitabu vyake vimechapishwa hadi Ulaya. Maktaba Kuu ya Taifa, pale barabara ya Bibi Titi Mohamed, iliyofunguliwa mwaka 1967, ina sehemu ya watoto. Na asiye na senti, akate picha kwenye gazeti akishalisoma, azibandike kwenye daftari kwa uji wa unga wa ngano. Albamu ya harusi nayo inafaa sana. Binti yangu anaweza kukaa na ukurasa mmoja wa albamu yetu kwa robo saa, akitaka kuelezwa kwa nini shangazi yake amenuna, jambo ambalo hadi leo hatujaafikiana na mke wangu.

Katuni za kwenye simu siwezi kuzilaani, maana nami zimeniokoa siku za Jumapili nikitaka kulala. Ila zina ugonjwa wangu mimi: hazingoji. Mtoto akiuliza, sungura ameshakimbia.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niombe kipindi kizima cha leo. Mama alipokwisha kupangiwa tarehe ya upasuaji alirudi Pangani kungoja, nami nikachukua nafasi yake ndani ya chandarua. Katika kipindi hicho binti yangu alianza kukataa kwenda chekechea. Kila asubuhi machozi, kila asubuhi tumbo linauma. Tulimpeleka zahanati, tumbo halikuonekana kuwa na kasoro. Tukamuuliza kwa upole, hakusema. Nikamuuliza kwa ukali, nakiri, hakusema. Mama yake akamhonga biskuti, akala, hakusema. Hali hiyo iliendelea kwa majuma mawili.

Usiku mmoja tulifika ukurasa wa kumi na moja wa kitabu cha sungura. Pale sungura amejificha nyuma ya mti, yanaonekana masikio tu na kipande cha kaptula. Maandishi yanasema anamkimbia fisi. Sikuyasoma. Na wala usidhani nilikuwa na ujanja wowote. Nilikuwa nimechoka, na nilishazoea kuuliza. Nikasema, "Huyu kajificha kwa nini?"

Akakaa kimya muda mrefu. Nilitaka kugeuza ukurasa, nikakumbuka bibi, nikangoja.

"Kaptula yake imelowa," akasema.

"Imelowa na nini?"

"Amejikojolea. Wenzake wanamwita kikojozi. Mwalimu naye amecheka."

"Kwani hakwenda chooni?"

"Mlango wa choo unajifunga. Ndani giza. Anaogopa hatatoka."

Ndugu msikilizaji, nimewahoji mawaziri na wakurugenzi, nikiwa nimejiandaa kwa maswali kumi, na wengi wao sikupata kwao jibu zima hata moja. Pale moyo ulinidunda. Nilitaka kusema, "Ni wewe, mama? Ni wewe?" Kitu kikaniambia nikisema hivyo sungura atakimbia na sitamwona tena. Nikauliza, "Anataka nani amsaidie?"

"Bibi yake."

"Bibi yake yuko mbali sasa. Mama yake je?"

Akafikiri. "Mama yake aende akaseme na mwalimu. Lakini asigombe."

Kesho yake mama yake akaenda, na hakugomba, ingawa najua ilimgharimu. Chekechea yenyewe siitaji, wala sina nia ya kumdhalilisha mwalimu yule, ambaye ni kijana mdogo na ana watoto zaidi ya arobaini peke yake. Alikiri kuwa mlango ule una kasoro, na alikiri kuwa siku ile alicheka bila kufikiri. Wakatafuta jiwe, likawekwa kuzuia mlango wa choo usijifunge. Jina la kikojozi halikuondoka kwa urahisi kama hivyo. Hata juma lililopita kuna mtoto mmoja alilitumia. Lakini asubuhi tumbo haliumi tena, na anapanda mwenyewe kwenye bajaji.

Mama yangu alifanyiwa upasuaji wa jicho la kulia mwezi uliopita. Siku aliyofunguliwa bendeji alikuwa akitutazama mmoja mmoja kama mtu aliyerudi kutoka safari ndefu, akanieleza kwamba nimezeeka. Usiku mjukuu wake akaingia chandaruani na kitabu chake, ambacho sasa jalada limechanika. Paukwa, pakawa. Mama akakisogeza karibu na taa, akaitazama picha ya kwanza kwa muda.

"We mke mwenzangu," akasema, "mbona huyu sungura hana mfuko?"

"Alishafika kwa bibi yake," akajibu binti yangu. "Unga ameuacha huko."